Nyambizi Katika Mtaro wa Changamwe

Wakati wa vita vya Hitla niliamini, tena kwa moyo wangu wote, kwamba nyambizi ya Mjapani ilipotea njia baharini, ikapenya chini ya ardhi na kukwama kwenye mtaro wetu wa Changamwe. Habari ililetwa na jirani yangu, kuli wa bandarini, aliyeapa wallahi kaisikia ikinguruma. Mimi nilikuwa nimemaliza shule ya usiku na kuiona Japani kwenye ramani. Haikuzidi mkono mmoja kutoka kwetu. Nikaona yawezekana.

Basi mtaro haukuguswa. Nani achokoe bomu kwa ufito? Maji machafu yakajaa, yakapanda kizingiti, yakaingia chumbani na kulowesha mkeka alioususa mke wangu kuukalia tangu siku hiyo. Nzi walikuwa wengi hata nikadhani nao wameandikishwa jeshini.

Kilichonikera zaidi ni watu. Kila apitaye alisimama, akashika pua, akatoa hukumu: umeziba. Mwenye nyumba akaja: umeziba. Bwana afya akaja na kofia yake, akainama, akainuka: umeziba. Changamwe nzima ilikuja kunijulisha. Nikiwauliza nani atauzibua, kila mtu anakumbuka ana shughuli.

Mke wangu alivumilia, mwishowe akafunga kitita cha nguo na kupeleka habari kwao Rabai waje wamchukue. Nilimbembeleza, nikamweleza hatari ya ile nyambizi.

"Basi kaa na Mjapani wako," akasema. "Mimi naenda kwa mama."

Mama mwenyewe ndiye aliyekuja. Kwa desturi yetu mtu hasemi na mama mkwe uso kwa uso, nami nikajibanza nyuma ya mlango kama ipasavyo. Nikamsikia anaomba jembe. Nilitaka kupiga kelele kwamba tutalipuka sote mchana kweupe, lakini adabu ikanifunga mdomo. Jembe likalia chakacha, chakacha, kisha maji yakateremka kwa mshindo ambao, naapa, Mikindani waliusikia.

Mkwe akanawa miguu, akamwambia binti yake afungue kile kitita, hakuna cha kumkimbiza tena. Kisha akapaza sauti kidogo, nami nipate:

"Mwambie mumeo hamna Mjapani humu. Ni machicha ya nazi. Mnayamwaga wenyewe kila jioni."