Karatasi Isiyokunjwa Pembe

Baba yangu alikagua karatasi kiwandani kule Webuye miaka ishirini na kitu. Kazi yake ilikuwa kuinua karatasi kwenye mwanga, na akiona doa, anakunja pembe. Iliyokunjwa pembe ilirudishwa ikapondwe upya. Hata alipostaafu, nyumbani kwetu Bungoma kalenda ya kanisa ilikaguliwa kabla ya kutundikwa.

Mimi nilikuwa kidato cha pili, nasoma bweni huko Kitale, na nilitaka kuchukua somo la uchoraji kuliko kitu chochote duniani. Fomu ya kuchagua masomo ilihitaji sahihi yake, naye alishaamua: biashara. Kuchora, ati, ni kazi ya mtu asiye na kazi. Basi mwalimu wangu akaniazima kitabu chake cha picha za Wamarekani, zilizochorwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, nikamwonyeshe mzee. Alinionya nisikichafue. Nikaapa.

Likizo ya Agosti nilikiacha mezani nikaenda kuteka maji. Kurudi, Mungu wangu! Baba ameinama na miwani yake, amekunja pembe karibu kitabu kizima. Picha ya rangi zilizomwagwamwagwa, imekunjwa. Nyeusi tupu ukurasa mzima, imekunjwa. Bendera yao yenye rangi zinazochuruzika, imekunjwa.

"Baba! Si hicho kitabu ni cha watu!"

"Nimekusaidia, mama," alisema. Aliniita mama kwa kuwa nina jina la mamake. "Hizi zote ziliharibikia kwa mashine. Mwambie mwalimu arudishe."

Nililia kwa hasira. Nikakinyakua, nikaanza kunyoosha pembe moja moja, ndipo nikafika kwa ukurasa ambao hakuukunja: mwanamume mweusi ameketi kwenye kiti cha mbao, amevaa ovaroli, anakutazama usoni.

"Huyu ni chifu wa huko?" Baba aliuliza.

"Ni mfanyakazi tu." Nikamweleza tulivyofundishwa: kwamba weusi wa Marekani walichoka kutafuta sura zao kwenye picha kubwa na kuzikosa, ama kuzipata zimewabebea wengine trei, wakaanza kujichora wenyewe.

Baba aliutazama tena ukurasa ule. Kisha akaingia chumbani, akatoka na koti lake la kiwandani, amelifunga vifungo mpaka shingoni. Akaketi. "Haya. Nichore tuone."

Nikachukua penseli, bana. Nilijua sahihi ya fomu yangu iko hapo. Sasa, kidole chake kimoja cha mkono wa kulia kilipinda utotoni, alipokanyagwa na ng'ombe wa plau, na kanisani hukificha mfukoni. Mimi, kwa heshima, nikakichora kimenyooka.

Aliichukua karatasi, akaenda nayo dirishani, akaiinua kwenye mwanga. Akakunja pembe.

"Huu mkono ni wa nani?" alisema. "Umemweka mtu mwingine ndani ya koti langu."

Niliona aibu hadi masikioni. Nikachukua karatasi nyingine. Safari hii aliweka mkono juu ya goti, kidole kile mbele kabisa, akatulia mpaka nikamaliza. Akaipeleka dirishani. Kidole gumba chake kilikaa kwenye pembe ya karatasi, kikakaa, kisha kikaondoka.

"Hii ipite," alisema, na kwa mkono huo huo akaitisha fomu na kalamu.