Siku Mabosi Walipojikinga Mvua

Bosi wetu alirudi kutoka semina na neno jipya mdomoni: mshirika. Kuanzia Jumatatu, alisema, kampuni haina tena madereva wa kuajiriwa. Ina washirika wenye pikipiki zao, wanaopokea mzigo kwa simu na kulipwa kwa safari. "Kila mtu ni bosi wa nafsi yake," akatangaza. Tukapiga makofi. Mimi Mkenya niliyekuja Kampala kupokea simu, ningepinga kwa cheo gani?

Dereva wetu pekee, mwanajeshi mstaafu kutoka kaskazini, aliagwa kwa soda moja. Miaka yote hakuwahi kuchelewesha samaki wa hoteli, mteja pekee mkubwa tuliyebaki naye. Hoteli ikituacha, ofisi inafungwa, na sisi sita tunarudi makwetu.

Lakini ripoti zilipendeza jamani! Gharama zilishuka mpaka bosi akachapisha mchoro wa kushuka huko, akaubandika ukutani juu ya birika la chai.

Kisha asubuhi moja mvua ikanyesha. Samaki walikuwa Ggaba, ufukweni mwa ziwa, kwenye barafu, na mpishi wa hoteli aliwataka kabla ya saa tano kwa ajili ya harusi. Niliwapigia washirika kumi na mmoja. Wote walikuwa mabosi kwelikweli.

"Nyabo, hiyo safali nakataa," mmoja aliniambia kwa upole, akiniita bibi kwa Kiganda, akiwa amejikinga kwenye kituo cha mafuta. "Si mlisema mimi iko na uhulu?"

Tulisema. Tena alikuwa na haki. Bosi mwenyewe siku hiyo hakutoka kwake. Mchuma janga hula na wa kwao.

Saa nne na nusu mvua ikapungua. Nikasimamisha boda barabarani, nikaenda Ggaba mwenyewe, nikarudi mjini na sanduku la samaki mapajani, maji ya barafu yakinichuruzikia viatuni. Niliomba Mungu njia nzima.

Mlangoni pa jikoni nikakuta pikapu ya kuazima. Dereva wetu wa zamani alikuwa akishusha kreti ya mwisho ya samaki wengine, yeye mkavu, shati limepigwa pasi. Mpishi alikuwa amechoka kutungoja, akampigia yeye tangu saa tatu, na sasa walikuwa wanapatana habari ya kesho na keshokutwa. Sanduku langu mpishi hakulitazama. Nilimwonea yule mzee wivu, nikataka kulia, nikaishia kupiga chafya.

"Pole, madam," akaniambia. "Panda mbele. Mimi napeleka wewe ofisi."

"Ofisi gani?" nikamuuliza.