Habari za Mwaka, Kasoro Fiji

Kwenye treni ya kwenda Campbelltown, huku ughaibuni, mwanamke mmoja alikuwa akimrekodia mama mkwe wake wa Kigoma ujumbe wa sauti. "Shikamoo mama. Mwaka umekuwa mzuri. Mjukuu wako amemaliza shule, mimi nimepata kazi ya kutunza wazee, halafu Julai tuli..."

Mumewe akamziba mdomo kwa kiganja. "Safari ya Fiji usiitaje! Atauliza mbona kwake hatukwenda."

Mke akafuta, akarekodi upya bila Fiji, akatuma. Mimi niliyeketi nyuma yao, masikio yakazidi kusimama.

Tulipofika kituo cha Minto jibu la sauti likaingia, akalifungulia spika, behewa zima likasikia: "Marahaba wanangu. Picha za Fiji mjukuu alinitumia tangu Julai. Mlipendeza. Nilikuwa nawangoja tu mseme wenyewe."

Nikaelewa usiri wa yule bwana kaurithi kwa nani.