Ngozi Haijazoea

Shemeji yangu alipoleta gari jipya nyumbani, neno la kwanza kutoka kinywani mwake halikuwa "karibuni." Lilikuwa "msiguse."

Tulikuwa tumetoka wote nje kulipokea. Watoto wanaruka, majirani wamejipanga ukutani, na Dada, mke wake, ametoka mbio kwenye cherehani na futi kamba bado linaning'inia shingoni. Gari jeusi, linang'aa hata ukilikaribia unajiona meno. Ndani viti vya ngozi, rangi ya krimu.

"Ngozi halisi hiyo," shemeji akasema. "Si yale maplastiki ya kwenye makochi yenu."

Makochi yetu! Makochi yenyewe aliyanunua Dada kwa jasho la cherehani yake, na anayeyalalia kila Jumapili akikoroma mdomo wazi ni yeye mwenye ngozi halisi. Nikataka kumjibu, Dada akanifinya. Dada yangu ana kipaji cha kunifinya kabla sijafungua mdomo.

Niwaambie kwanza huyu Dada ni nani, maana wengi wanamjua kama fundi cherehani tu, yule mama mnene wa sare za shule. Ni kweli, ni mnene, na sare ni zake. Kila mwaka shule zikikaribia kufunguliwa, chumba chao cha mbele hakina pa kukanyaga: kaptura huku, sketi kule, vifungo hadi kwenye sufuria. Aliolewa na shemeji huyo akiwa mwembamba kama uzi anaoutunga. Siku hizo bwana alikuwa na baiskeli, na Dada alikuwa anakaa nyuma, kwenye keria, kamshika kiuno. Shemeji alikuwa akimwambia, "Siku nikipata gari, mke wangu, utakaa mbele. Watu wakuone." Baadaye kazi yake ikaota mbawa, akakaa nyumbani miaka, na sindano ya Dada ikalisha, ikavisha, ikasomesha. Mwili ulinenepa palepale kwenye kigoda cha cherehani, maana mtu anayeshona kutwa kucha atafanya mazoezi saa ngapi? Hatimaye shemeji akapata kazi nzuri, usimamizi wa bohari, akapanda cheo, akapanda mabega, na sasa gari hilo limefika.

Dada hakuomba kitu kingine. Hakuomba nguo, hakuomba safari. Alitaka kukaa mbele. Najua mtaona ni utoto, lakini kila mtu ana kitu chake kimoja alichoahidiwa akakiweka moyoni, na chake kilikuwa hicho.

Jumapili ya kwanza tukajipamba kwenda kwa mama yetu. Dada kavaa gauni alilojishonea kwa ajili ya siku hiyo. Akafungua mlango wa mbele.

"A-a, mama, ngoja kwanza," shemeji akasema. "Ngozi haijazoea."

"Haijazoea nini?"

"Haijazoea uzito. Ngozi mpya ukiikalia vibaya inakunjika. Wewe kaa nyuma na watoto mpaka izoee."

Sasa niulizeni, nyuma hakukuwa na ngozi? Kulikuwa nayo, ileile. Lakini nyuma alimfanya Dada ashone vifuniko vya kitambaa kizito, vya kuvalisha viti vizima, kwa hiyo huko sisi tulikuwa hatukalii ngozi, tunakalia kazi ya mikono ya Dada. Mbele hakutaka kifuniko. Mbele, alisema, lazima paonekane.

Basi neno hilo likawa wimbo wa nyumba. Dada akiuliza, ngozi haijazoea. Watoto wakichelewa kulala, wanaambiana kwa kunong'ona, "Shuka kitandani, ngozi haijazoea," wanacheka hadi wanapaliwa. Na mimi nilicheka, sitaki kujifanya. Ila Dada alikuwa anacheka kidogo kuliko sisi.

Kisha kikaja kisa cha mafuta. Siku moja shemeji alirudi kazini na chupa nzuri, ya kioo, akaiweka mezani. Dada akauliza ni nini. Yeye kainama anavua viatu, akajibu tu, "Mafuta ya ngozi."

Jamani, mwanamke aliyejipaka mafuta ya kopo la kawaida maisha yake yote! Akaingia chumbani na ile chupa. Akatoka anang'aa mikono, shingo, mpaka visigino, uso umemchanua. "Asante sana, baba watoto. Yananukia!"

Shemeji akaruka kama aliyekalia kaa la moto. "Unapaka nini wewe? Hayo ya gari!"

Watoto walianguka chini kwa kicheko. Dada naye akacheka, akaenda bafuni kujisugua kwa sabuni, na maji nilisikia yanamwagika muda mrefu kuliko inavyohitaji mikono miwili. Mimi siku hiyo sikucheka. Nilimwangalia shemeji akiinua chupa kwenye mwanga kuona imebaki kiasi gani, nikasema moyoni, huyu mtu ana ngozi mbili nyumbani na anaijua moja.

Baada ya hapo Dada akaanza kupungua. Mimi ni msusi, wateja wangu ni wa mtaa uleule, wakawa wananiuliza, "Dada yako anaumwa?" Nikaenda kumwuliza. Akaniambia anafunga mlo wa jioni, na asubuhi anakunywa chai kavu.

"Daktari kasema?"

"Daktari gani? Nikipungua kidogo, ngozi haitakunjika."

"Dada, una wazimu?"

"Nyamaza, watoto watasikia."

Nikamwambia yote yaliyonijaa, tena kwa sauti. Kwamba kiti kimetengenezwa kwa ajili ya makalio, makalio hayakutengenezwa kwa ajili ya kiti. Akacheka mpaka machozi, akanipa kaptura nimsaidie kushona vifungo. Lakini jioni ile nilimwona anawapakulia watoto, anamsogezea mumewe sahani iliyojaa, na yeye anakunywa maji. Nikajua maneno yangu yameingia huku yakatokea kule.

Sasa, pamoja na ulinzi wote huo, viti vikakunjika. Tena vya mbele, vyote viwili. Kile cha dereva kikafanya makunyanzi upande wa mlango, na ukingo ukaanza kuchubuka rangi. Cha abiria nacho vilevile. Shemeji nusura augue. Akawa anatoka na taa ya mkononi anaviangalia, anavipapasa kwa vidole, anapaka ile chupa yake. Akaenda kwa walioliuza gari kudai wambadilishie. Wakamwambia cha dereva ni matumizi ya kawaida, ngozi yoyote ya kweli lazima ijikunje pale mwili unaposugua. Akarudi anatoa moshi.

"Wezi hawa!" akatutangazia. "Sawa, cha dereva nakikalia mimi. Na cha abiria? Kiti ambacho hakikaliwi na mtu kinakunjikaje? Hiyo ni ngozi mbovu tangu kiwandani. Jumamosi tunakwenda wote. Nyie ni mashahidi wangu."

Naapa ndivyo alivyosema. Nimewaza sana baadaye, mtu mzima, mwenye akili ya kuendesha bohari, anajipaliaje makaa hivyo? Nadhani alikuwa ametuambia kiti hakikaliwi mara nyingi mno, mpaka na yeye akaamini. Au uchungu wa ngozi ulimpofua.

Jumamosi tukaenda. Dada katikati ya watoto, mimi dirishani. Karakana yao ilikuwa safi kuliko jiko langu, sakafu imepakwa rangi, magari yamejipanga na milango wazi. Akaletwa fundi wa viti, binti mmoja wa ovaroli, mdogo wa umbo kabisa, kafunga nywele kwa kitambaa. Akatuamkia wote kwa adabu, shikamoo mzee, shikamoo mama, akapiga magoti kando ya kiti cha abiria na kukimulika.

"Mzee, kiti hiki kinakaliwa," akasema.

"Hakikaliwi."

"Kinakaliwa, mzee, tena sana."

"Binti, usinifundishe gari langu!" Shemeji akageuka, sauti imepanda, mafundi wengine wameacha kazi wanasikiliza. "Mama, njoo. Mwambie huyu. Umewahi kukaa kwenye kiti hiki?"

"Sijawahi," Dada akasema.

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

"Na wewe shemeji?"

"Thubutu yangu!" nikasema.

"Watoto?"

Watoto wakajibu kwa pamoja, kama darasani, "Ngozi haijazoea!"

"Umesikia?" Shemeji akamgeukia binti, mkono juu, mshindi. "Kama mke wangu wa ndoa hakai hapa, nani mwingine akae?"

Binti wa ovaroli alimwangalia Dada, akaangalia kiti, akazima taa yake. Fundi mmoja nyuma yetu akakohoa, kikohozi kile cha kuzuia kicheko. Na hapo ndipo nilipoona uso wa shemeji unaanza kuelewa swali lake mwenyewe.

"Labda ni jua, mzee," binti akasema harakaharaka. Maskini, alitaka kutusitiri. "Jua nalo linakausha ngozi. Naweza kuandika ni jua."

"Usihangaike, mwanangu," Dada akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ile anayomwulizia mteja urefu wa sketi. "Nielezee tu. Makunyanzi haya yanaletwa na nini?"

Binti akainamisha kichwa. "Mtu akiingia, mama, anakaa kwanza hapa ukingoni, halafu anajivuta ndani. Akitoka, hivyohivyo. Kila siku. Ndipo panapochubuka."

"Mtu mzito?"

"Hapana, mama. Mzito angebonyeza katikati. Huyu si mzito."

"Si mzito," Dada akarudia.

Shemeji akapata ulimi. Akasema ni mfanyakazi mwenzake. Ni lifti tu, wanakaa njia moja, ndiyo kwanza amekumbuka. Alisema mengi, na kila alilosema lilikuwa linamwongezea shimo. Dada akamsubiri mpaka akaishiwa.

"Na yeye ngozi haikumkataa?" akauliza.

"Usinianzie mbele ya watu, mama."

Tukatoka. Shemeji akawahi, akafungua mlango wa mbele, akausimamia. Miaka yote sijamwona akimfungulia mtu mlango. "Haya, kaa mbele basi," akasema. "Ngozi imeshazoea."

Ningekuwa mimi, hapo pangechimbika. Dada alimpita, akafungua wa nyuma, akaingia, akampakata mtoto wa mwisho. Na mnajua bwana yule aliongea nini njia nzima? Dhamana ya viti. Kwamba wale ni matapeli, kwamba atawapeleka mbali, ngozi gani hiyo. Nilitamani kumng'ata sikio.

Tulipofika nilimfuata Dada jikoni, nikafunga mlango, nikabwatuka. Nikamwambia afungashe, cherehani tutaibeba hata kwa mkokoteni, chumba changu kidogo lakini tutabanana. Nikamwambia huyo kimada tumtafute, mji wenyewe ni huuhuu, bohari tunaijua. Nikamwambia nitampasulia vioo vya hilo gari kimoja kimoja. Yeye alikuwa kafungua sufuria ya ubwabwa wa watoto, kasimama, anakula kwa mkono. Anakula haraka, hatafuni vizuri, punje zinamwanguka kifuani. Sijawahi kumwona dada yangu akila hivyo.

"Unanisikia lakini?" nikamwuliza.

"Nakusikia."

"Basi sema kitu! Lia hata!"

Akaweka sufuria chini.

"Nimlilie mwanamke?" akasema. "Mwanamke ningemmeza, mdogo wangu. Hatutakuwa wa kwanza. Lakini mimi nilikuwa nalala na njaa. Naamka kizunguzungu, nakaa kwenye cherehani sindano naiona mbili, najichoma, nanyonya kidole, naendelea. Na yeye alikuwa ananiona. Kila jioni anatoka kumshusha mwenye kiti chake, anakuja anakaa pale mezani, anakula, ananiangalia ninavyokunywa maji. Unajua alikuwa ananiambia nini? 'Kaza buti hivyohivyo, mama. Umebakiza kidogo tu.'"