Tanga Jeupe la Mashua ya Kijiji

Mimi si mtu wa maji. Nimekulia Runazi, kwenye mihogo na maharage, na maji mengi niliyoyajua utotoni ni yale ya mtungini. Ziwa nililikuta ukubwani, tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa cha ufukweni, humo humo wilayani Biharamulo, tukapangwa kwa mistari kama mahindi. Nilikuja na cherehani yangu ya miguu. Kaka yangu, mtoto wa kwanza wa mama yetu, alikuwa ametangulia huko miaka mingi akiendesha mashua za watu. Kijiji kilipopata mashua yake, nani mwingine angekuwa nahodha?

Mashua ile ilikuwa na kazi mbili. Siku za kawaida ilibeba pamba, mihogo na abiria kwenda ng'ambo ya ghuba, alikoolewa dada yetu, na ambako mama aliishi tangu baba afariki. Siku ya Saba Saba ilishindana na mashua za vijiji jirani. Miaka miwili mfululizo tulishindwa na kijiji kile kile, na watu wake wakatuimbia nyimbo ambazo siwezi kuziandika hapa. Mwaka uliofuata tanga letu kubwa likachanika vibaya. Lilikuwa kiraka juu ya kiraka, hata uzi haukupata pa kushika. Ikaamuliwa linunuliwe jipya. Tukatumwa watatu kwenye duka la ushirika mjini: mwenyekiti wa kijiji, kaka kwa kuwa ndiye atakayelitumia, na mimi kwa kuwa ndimi nitakayelishona.

Tulikuta majora ya aina mbili. Moja lilikuwa turubai la kaki, zito, linalokwaruza mkono. Jingine lilikuwa marekani ya pamba, nyeupe, nyepesi, ukiitikisa inacheza. Kaka hakuwa na haraka. Alilivuta turubai kwa mikono miwili, akaweka mdomo akapuliza kuona kama pumzi inapita, akaomba maji akalowesha kona, akasubiri. Akafanya hivyo hivyo kwa marekani, kisha akatikisa kichwa.

"Tuchukue hili la kaki," alisema. "Hili hata kulipika hakuna haja."

Kupika tanga ni kazi ya watu wa ziwa lile. Kitambaa cheupe hakiingii kazini kibichi. Unachemsha magome ya miti kwenye mapipa, unalitumbukiza tanga siku tatu, linatoka na rangi ya udongo, haliozi upesi. Lakini linakuwa zito, na mimi nilitaka ushindi. Jamani, niliutaka ule ushindi! Zile nyimbo zilikuwa zimeniingia mwilini.

"Kaka, hilo ni hema," nikasema. "Unataka kushindana au kupiga kambi?"

Mwenyekiti alicheka mpaka akaegemea meza ya muuzaji. Kaka hakucheka. Alinigeukia, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Niambie kama fundi, si kama shabiki. Cherehani yako italiweza?"

"Hailiwezi," nikajibu. "Sindano haipiti."

Uongo mtupu. Nilikuwa na sindano nene za kazi hiyo, zimeviringishwa kwenye kitambaa chenye mafuta ndani ya droo. Kazi ingekuwa ngumu, miguu ingeniuma wiki nzima, lakini sindano ingepita. Kaka aliniamini kwa sababu hakuwa na desturi ya kumbishia mtu kwenye kazi yake. Aliniomba jambo moja tu, kwamba nikishamaliza kulishona, tulipike kabla halijafungwa kwenye mlingoti. Nikamwambia tutalipika baada ya Saba Saba.

Tulishinda. Tena si kushinda kwa kubahatisha. Tuliwaacha mpaka wakaacha kuimba. Wanawake walipiga vigelegele, mwenyekiti akarushwa juu, na mimi nikabebwa mabegani kama bwana harusi. Tanga lilionekana toka mbali, jeupe pe. Tangu siku hiyo kila kaka aliponikumbusha habari ya magome nilikuwa na sababu. Mara nina sare za shule za kushona, mara kuni hakuna. Ukweli ni kwamba sikutaka lichafuke. Lilikuwa fahari yangu, na nilikuwa mpumbavu.

Mwisho wa mwaka ule vita vikaanza. Redio ilitangaza kwamba adui amevuka mpaka kule kaskazini mwa mkoa, na haikuchukua siku nyingi vijana wetu wakaondoka, waliobaki wakawa wazee, akina mama na watu kama mimi wenye mguu mbovu. Kamanda wa mgambo akapita nyumba kwa nyumba. Mabati yafunikwe nyasi. Nguo nyeupe zisianikwe nje. Marufuku mashua kutembea usiku, walinzi wa ufukweni watapiga risasi bila kuuliza. Alipofika gatini aliliangalia tanga letu kwa muda.

"Hili rubani ataliona toka mawinguni," alisema. "Lisipande tena mpaka libadilike rangi."

Siku ya pili yake ikaja habari kwa mtu aliyetembea kuzunguka ghuba: mama ni mgonjwa, hali chakula, anamwulizia mtoto wake wa kwanza. Kaka alikuja kwangu amevaa tayari kwa safari. Kwa nchi kavu ilikuwa siku sita za miguu, na magari yote yalikuwa yamechukuliwa kubeba askari. Kupiga makasia mashua kubwa vile kulitaka wanaume wanane, na wanaume walikuwa vitani. Kwa tanga, na upepo ule wa majira yale, ilikuwa asubuhi moja tu. Tulijaribu kulipaka tope. Mvua ya nusu saa ikaliosha, likarudi kung'aa.

"Basi tulipike," kaka akasema.

Tukalipika. Mvua za vuli zilikuwa zimeshika, kuni zilitoa moshi kuliko moto, na magome hayakutaka kutoa rangi. Siku ya pili, nikiwa nimeacha mapipa na kuingia ndani kidogo, askari wa mgambo aliniletea mikoba ya turubai iliyofumuka, anaitaka saa ile ile. Nikafungua droo, nikatoa sindano nene, nikaanza kukanyaga. Sijui kaka alikuwa amesimama mlangoni tangu saa ngapi. Nilipoinua kichwa, macho yake yalikuwa kwenye sindano, inapanda na kushuka katika turubai la kaki, kitambaa kile kile cha dukani.

Laiti angenitukana! Laiti angenizaba kofi mbele ya yule askari! Aligeuka, akarudi kwenye mapipa, akaendelea kuchochea moto, na mimi nikabaki nimekaa, mguu juu ya pedali.

Siku tatu za kupika, siku mbili za kukausha kitambaa kwenye mvua. Siku ya sita tulipandisha tanga likiwa bado na unyevu, rangi yake ya kahawia yenye mabaka. Upepo ulikuwa mzuri, wa nyuma kidogo, wa kutupeleka tu. Kaka alishika usukani, na njia nzima aliongea nami habari za kamba tu.

Mama alikuwa amezikwa jana yake. Walimsubiri kaka siku mbili, kwa sababu kwetu mtoto wa kwanza wa kiume ndiye hutupa udongo wa kwanza, mwisho shemeji yetu akautupa kwa niaba yake. Dada alitukuta njiani, akamwangukia kaka kifuani.

"Mlikwama wapi, kaka? Alikuita mpaka sauti ikamwisha. Mlikwama wapi?"

Nilifungua mdomo. Haki ya Mungu, nilitaka kusema.

"Upepo," kaka akasema. "Upepo ulitukatalia."

Wote pale walikuwa watu wa ziwa. Walijua upepo wa wiki ile ulivyokuwa. Shemeji aliinamisha kichwa.

"Mdogo wangu," kaka akaniambia, "salimia watu."

Nikasalimia watu. Shikamoo huku, shikamoo kule, mmoja baada ya mwingine, wakaniitikia na kunipa pole.

Kaka aliishi miaka mingi baada ya vita, na habari ile hakuigusa tena, wala mimi sikuigusa. Kila mwaka nilijiambia mwaka huu nitamwomba msamaha. Alipofariki tulimpeleka kumzika ng'ambo, karibu na mama, na dada akasimama kuwaeleza wajukuu jinsi babu yao alivyozuiwa na upepo asimwahi mama yake. Akanigeukia mimi, niliyekuwa naye mashuani, nithibitishe.

"Ndiyo," nikasema. "Upepo ulikuwa mbaya."