Besi Ilipomeza Maneno ya Baba

Leo spika imenguruma kanisani, na jasho likanitoka vile lilinitoka miaka ya tisini.

Ilikuwa harusi ya dada yangu Chebet, uwanjani huko Silibwet. Mimi ndiye nilikuwa kwa mitambo ya sauti.

Baba alikuwa amemkataa bwana harusi, Okoth, kwa sababu watu wake si wa kabila letu, ni wa upande wa ziwa. Sasa akasimama, akaomba maikrofoni. Hakuna aliyejua atasema nini.

Akafungua mdomo. Tukasikia vuuum tu!

Binamu yangu Kiprono, mpenda besi, alikuwa ameiongeza kwa ikwalaiza, ile ya kupandisha na kushusha besi, halafu akaiongeza tena kwa krosova, ile mashine inayogawa sauti: nzito kwa spika kubwa, nyembamba kwa ndogo. Amplifaya imelemewa, taa nyekundu inawaka.

"Anamlaani mtoto wangu?" mama yake Okoth akauliza.

Chebet akaanza kulia.

"Ongeza volyumu!" Kiprono akanipigia kelele.

Wapi! Ningeongeza, amplifaya ingelemewa zaidi na spika ndogo zingeungua.

Nikashusha besi kwa ikwalaiza. Bado inanguruma. Nikaishusha kwa krosova pia. Taa ikazima.

"...nilikosea," sauti ya baba ikatoka safi, uwanja mzima. "Okoth, wewe ni mtoto wangu. Kuja ukae hapa karibu na mimi."

Mama yake Okoth akapiga vigelegele bila maikrofoni, na tukamsikia wote.

Mimi nilikaa chini kwa nyasi.

Nani mwingine hapa ameshawahi kushika mitambo huku familia mbili zinamtazama?