Jua Lilipopatwa, Shemeji Akasikika

Mke wangu ni fundi redio, mimi nachomelea vyuma, na vibanda vyetu vinatumia ukuta mmoja. Ndio ugomvi wetu huo. Nikichomelea, redio zake zote zinakoroma, naye anagonga ukuta kwa bisibisi. Miaka kumi na minane tunagombana hivyo, na watoto wanne tumepata.

Mdogo wake, shemeji yangu, mwaka wa tisa sasa ni mtangazaji wa kituo kidogo cha redio, mwendo wa siku mbili kwa basi. Kituo chenyewe hufungwa kabla jua halijazama. Mke wangu hakuwahi kumsikia hata mara moja, na jambo hilo lilimuuma kwelikweli. Fundi wa redio za mtaa mzima, mdogo wake mwenyewe hampati.

Basi zilipokuja habari za kupatwa kwa jua, akanijia kibandani, mikono kiunoni.

"Mchana jua linachaji hewa ya juu kabisa huko angani," akasema, "na tabaka lake la chini linameza mawimbi ya mdogo wangu. Usiku tabaka hilo linafifia, mawimbi yanapanda, yanadunda juu zaidi na kushuka mbali. Jua likifunikwa tutapata usiku wa dakika chache. Uzime mashine yako."

"Nina geti la mteja."

"Mteja atangoja. Jua halingoji."

Mimi ni mkaidi, sina wazimu. Nikazima.

Siku ilipofika, saa saba mchana, mwanga ukapauka, majirani wakajaa barabarani. Yeye hata mlangoni hakufika. Alizungusha kitufe polepole, ukatoka mngurumo mtupu.

"Umezima kila kitu?"

Nikaapa nimezima. Kisha nikaikumbuka chaja ya betri ya lori, niliyoiwasha tangu asubuhi. Nilikimbia na kitambi changu hiki, nikaichomoa.

Niliporudi, shemeji alikuwa kibandani. Sauti yake ilizama na kuibuka, akisoma salamu za wasikilizaji. Akazimaliza. "Na kama kawaida yangu ya kila siku," akasema, "namsalimia dada yangu, fundi redio. Hanisikii, lakini namsalimia."

"Nakusikia, mdogo wangu," mke wangu akaiambia redio. "Nakusikia."

Mwanga ukarudi, sauti ikamezwa. Mke wangu analia, anacheka, amening'ang'ania shati.

"Miaka tisa, baba watoto. Miaka tisa nasalimiwa kila siku, nami sina habari."